Mbu wa Nyumbani Tunamfuga Wenyewe: Historia ya Vita Dhidi ya Mazalia ya Mbu na Mafunzo Yake kwa Uani Kwako

Leo naweka kando mbegu na mbolea tuzungumze habari za mbu. Usishangae afisa ugani kuingia katika mambo ya afya. Mvua zinapoanza ndipo tunapohitaji nguvu ya kulima, kupanda na kupalilia, na ndipo mbu nao wanapozaliana kwa wingi. Mtu akilala siku tano na homa wakati wa palizi, magugu hayamsubiri. Mwenye duka akiugua, mlango unafungwa na wateja wanahamia kwa jirani. Kwa hiyo mbu ni adui wa kilimo na biashara kama walivyo viwavi jeshi.

Nimeamua kukueleza jambo hili kupitia historia yake. Ushauri wa "fukia madimbwi, safisha mazingira" tumeusikia mpaka masikio yamezoea. Lakini ukijua ulitoka wapi, nani aliufuata akashinda na nani aliuacha akashindwa, utaona kwamba ni kazi yenye kipimo na ratiba kama kazi nyingine yoyote ya shamba.

Kabla ya kujulikana kwamba ni mbu

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliamini kwamba homa inaletwa na hewa chafu ya kwenye vinamasi. Hata jina malaria limetokana na maneno ya Kiitaliano yenye maana ya hewa mbaya. Walikuwa wameona kweli kwamba penye maji yaliyotuama pana homa, ila hawakumwona anayeibeba.

Mabadiliko yalikuja ndani ya miaka 25 hivi. Mwaka 1877, daktari Patrick Manson, akiwa China, aligundua kwamba minyoo ya matende inakua ndani ya mwili wa mbu. Mwaka 1881, daktari wa Cuba, Carlos Finlay, alitoa hoja kwamba homa ya manjano inaenezwa na mbu. Alichekwa kwa karibu miaka 20, mpaka madaktari wa jeshi la Marekani wakiongozwa na Walter Reed walipofanya majaribio mwaka 1900 na kuthibitisha kwamba alisema kweli. Katikati ya hayo, tarehe 20 Agosti 1897, Ronald Ross akiwa India aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Ndiyo maana tarehe hiyo huadhimishwa hadi leo kuwa siku ya mbu duniani.

Lililofuata ndilo linalotuhusu. Mbu hatoki hewani. Hutaga mayai kwenye maji au pembeni mwake, mayai hutoa viluwiluwi, viluwiluwi hugeuka kuwa buu lililojikunja kama alama ya mkato, kisha mbu kamili huruka. Katika joto letu safari hiyo yote huchukua siku 7 hadi 10 hivi. Kabla ya siku hizo kutimia, mbu wako wote wamefungiwa mahali pamoja, hawawezi kuruka wala kuuma. Mkulima yeyote anaelewa maana yake: ni rahisi zaidi kuharibu kitalu kuliko kukimbiza mimea iliyokwisha kutawanyika porini.

Havana 1901: ukaguzi wa nyumba kwa nyumba

Mji wa Havana, Cuba, ulikuwa umesumbuliwa na homa ya manjano mwaka hadi mwaka. Mwaka 1901 daktari William Gorgas alipewa kazi ya kuiondoa. Hakuwa na chanjo, kwa kuwa ilikuwa haijapatikana. Hakuwa na dawa ya kupulizia kama tulizonazo leo. Alichofanya ni kugawa mji katika maeneo na kutuma wakaguzi nyumba kwa nyumba. Waliandika kila pipa, kila tangi, kila mtungi. Vyombo vya maji ya kunywa vilifunikwa, maji yasiyo na kazi yalimwagwa, na mengine yalitiwa mafuta ya taa juu ili viluwiluwi wakose pumzi. Mwenye nyumba aliyekutwa na viluwiluwi alitozwa faini.

Kufikia Septemba mwaka huohuo homa ya manjano ilikuwa imetoweka Havana. Ugonjwa uliosumbua mji kwa vizazi ulimalizwa ndani ya miezi michache, na silaha kubwa ilikuwa mfuniko na daftari.

Funzo la kwanza ni hili: walioshinda walikagua kila chombo, wakaandika, kisha wakarudi tena. Usafi wa jumla wa kufagia uwanja hautoshi. Ua unaweza kung'aa kwa ufagio huku pipa moja nyuma ya jiko likitoa mbu wa kutosha kuuma kaya nzima.

Panama: bakuli chini ya miguu ya kitanda

Kabla Wamarekani hawajachimba Mfereji wa Panama, Wafaransa walijaribu. Walianza miaka ya 1880 na wakaacha mwaka 1889, baada ya homa ya manjano na malaria kuua maelfu ya wafanyakazi wao. Walikuwa wamejenga hospitali nzuri yenye bustani za kuvutia. Ili kuzuia siafu na sisimizi wasipande vitandani, miguu ya vitanda iliwekwa ndani ya bakuli za maji. Na bustanini mimea ilizungushiwa vyombo vya maji ili wadudu wasiile.

Bakuli hizo zikawa mazalia. Mbu walizaliwa chini ya kitanda cha mgonjwa, wakamuuma, kisha wakahamia kwa wa kitanda cha pili aliyeletwa kutibiwa mguu uliovunjika. Wafaransa hawakuwa wazembe. Hawakujua tu, maana wakati huo hoja ya Finlay ilikuwa bado inachekwa.

Sasa tazama nyumbani kwako. Je, kabati lako la chakula linasimama ndani ya makopo ya maji ili sisimizi wasipande? Je, kichanja cha mizinga yako ya nyuki kimewekewa makopo ya maji miguuni? Nakutana na makopo haya mara kwa mara katika kazi yangu. Kwenye kichanja cha mizinga paka grisi kwenye miguu, na kwenye kabati badilisha maji kila baada ya siku 3 na usugue kopo.

Gorgas alipelekwa Panama mwaka 1904 akafanya kama alivyofanya Havana. Kufikia mwaka 1906 homa ya manjano ilikuwa imekwisha katika eneo la mfereji, na mfereji ulifunguliwa mwaka 1914. Malaria ilipungua sana lakini haikuisha. Mbu wa homa ya manjano huzaliana kwenye vyombo vya nyumbani vinavyohesabika, na wa malaria huzaliana zaidi kwenye madimbwi na vinamasi visivyohesabika kirahisi. Tofauti hii ishike, tutairudia.

Newala 1952: ugonjwa uliopewa jina la Kimakonde

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1952 kwenye uwanda wa juu wa Makonde, wilayani Newala, kulizuka homa kali. Wagonjwa waliumwa viungo kiasi cha kushindwa kunyooka. Wamakonde wakaupa ugonjwa jina linaloeleza hali hiyo ya kujikunja: chikungunya. Madaktari Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waliandika habari zake mwaka 1955, na jina hilo sasa linatumika duniani kote, kuanzia India hadi Amerika ya Kusini. Ni moja ya maneno machache ya lugha zetu yaliyoingia katika kila kitabu cha udaktari, ingawa nadhani tungependa tujulikane kwa jambo lingine.

Kwa nini Newala? Uwanda ule una ardhi nzuri lakini ulikuwa na shida kubwa ya maji. Akina mama walichota mbali, chini ya uwanda, wakapanda nayo kichwani. Maji yaliyopatikana kwa jasho namna hiyo hayamwagwi. Yaliwekwa ndani ya nyumba, kwenye mitungi, kwa siku nyingi. Na hapo ndipo alipokuwa mbu aina ya Aedesi, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Yeye hapendi kinamasi. Anapenda maji yaliyotulia ndani ya chombo, karibu na watu.

Kuna mambo mawili ya kujifunza hapa. Kwanza, ukame hauondoi mbu. Mahali pakavu watu huhifadhi maji zaidi, na mbu huyu hufuata maji yaliyohifadhiwa. Pili, huwezi kumwambia mtu aliyetembea saa mbili kutafuta maji ayamwage. Ushauri sahihi kwake ni kufunika kwa mfuniko unaobana au kitambaa kilichofungwa kwa kamba, na kila wiki chombo kinapoisha maji kisuguliwe ndani kabla ya kujazwa upya.

Neno kusugua lina sababu. Aedesi hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo hugandamana na kuvumilia ukavu kwa miezi. Ukimwaga maji bila kusugua, umeacha mbegu ghalani. Mvua ikinyesha au ukijaza tena, yanaanguliwa.

Makunduchi: choo cha shimo na vipunje vyepesi

Kuna mbu wa tatu, Kuleksi, mwenye kelele masikioni usiku. Huyu anapenda maji machafu: makaro, mitaro iliyoziba na vyoo vya shimo vyenye maji. Ndiye anayeeneza matende na mabusha katika miji ya pwani yetu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Makunduchi, Unguja, watafiti na wenyeji walijaribu njia isiyo ya kawaida. Watu walipewa dawa ya minyoo ya matende, na papo hapo vipunje vyepesi vyeupe, vya aina ile ya plastiki nyepesi inayofungiwa redio na televisheni ndani ya boksi, vilimwagwa kwenye vyoo vyenye maji. Vipunje vilielea na kufunika uso wote wa maji. Viluwiluwi walikosa pa kupumulia na mbu wakakosa pa kutaga. Mbu wa usiku walipungua sana, na waliokuwa na minyoo kwenye damu nao walipungua na kubaki wachache. Mahali pengine palipotolewa dawa peke yake, ugonjwa ulianza kurudi.

Wewe huenda usipate vipunje hivyo, na sikushauri kutupa plastiki ovyo. Lakini kanuni unaweza kuitumia: funika tundu la choo, weka wavu wa chuma juu ya bomba la hewa, ziba nyufa za karo. Mbu akizuiwa mlangoni, hatagi.

Kwa nini mbu alirudi

Pengine unajiuliza, kama yote haya yalijulikana zamani, mbona bado tunaugua? Jibu fupi ni kwamba tuliacha.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, dawa ya DDT na wenzake zilileta matumaini makubwa. Katika miaka ya 1950 nyumba zilipuliziwa Upare na Taveta, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Malaria ilishuka sana, upuliziaji ukasimama, na baada ya muda ugonjwa ukaanza kupanda tena. Zanzibar upuliziaji mkubwa uliendelea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi mwaka 1968. Malaria ilipungua kufikia kiwango cha chini kabisa. Kazi iliposimama, ilirudi. Wakati huohuo ile kazi ya zamani ya kukagua vyombo na mitaro ilikuwa imepuuzwa sehemu nyingi za dunia, kwa kuwa watu waliona dawa inatosha.

Dar es Salaam iliirudia kazi ile. Kuanzia mwaka 2004, vijana kutoka mitaani kwao walifundishwa kutembea maeneo yao kila wiki, kuorodhesha kila mahali penye maji, kuangalia kama pana viluwiluwi, na baadaye kuweka dawa ya kibaiolojia inayoua viluwiluwi bila kudhuru watu wala mifugo. Ni utaratibu uleule wa Havana, baada ya miaka 100. Hata hivyo jiji hilohilo lilipata milipuko ya homa ya dengue mwaka 2014 na mwaka 2019. Dengue hubebwa na Aedesi, mbu wa vyombo, yule wa Newala. Matairi, makopo, ndoo na matangi yasiyofunikwa yalikuwa mengi kuliko wakaguzi.

Jambo jipya la kuangalia

Nilisema mbu wa malaria huzaliana zaidi kwenye madimbwi. Hiyo ni kweli kwa Anofelesi wetu wa asili. Lakini kuna Anofelesi wa Asia, anayeitwa Anopheles stephensi, ambaye amezoea matangi, mapipa na visima vya mjini. Alionekana Djibouti mwaka 2012, kisha Ethiopia mwaka 2016, na mwanzoni mwa mwaka 2023 ikatangazwa kwamba ameonekana Kenya. Akienea, pipa lisilofunikwa litaweza kuleta malaria pia, hata kiangazi. Atakayekuwa amezoea kufunika tangi lake leo hatahitaji kujifunza upya.

Ukaguzi wa wiki: dakika 20 uani kwako

Chagua siku moja isiyobadilika, kwa mfano Jumamosi asubuhi. Kwa nini kila wiki? Rudi kwenye zile siku 7 hadi 10. Ukikagua kila wiki unamkuta bado yumo majini. Ukikagua kila mwezi, wengi wameshakomaa na kuruka.

Anzia mlangoni, zunguka nyumba kwa upande wa kulia mpaka urudi ulipoanzia, usiruke kona. Angalia haya:

- Mapipa, ndoo, mitungi na simtanki: mfuniko unabana? Bomba la kufurikia lina wavu?
- Matairi ya akiba na ya kufungia punda au ng'ombe: yatoboe chini au yaweke chini ya paa.
- Makopo, vifuu, chupa, mifuko na maturubai yaliyobonyea: kusanya, geuza au fukia.
- Mifereji ya paa: majani yakiziba, maji hukaa huko juu usiyaone.
- Viriba vya miche vilivyobaki na sahani chini ya vyungu vya maua.
- Hori la maji ya mifugo na vyombo vya kuku: mwaga na sugua kila baada ya siku chache.
- Mahali pa kuogea, karo na choo.
- Mashimo ya kufyatulia matofali na nyayo za ng'ombe karibu na kisima: fukia au chimba mfereji maji yatoke.

Wewe mfanyabiashara una orodha yako ya ziada: kreti za chupa tupu nyuma ya duka, madumu ya kuuza, mabati na karai zilizopangwa nje, na matairi ya fundi baiskeli wa jirani.

Chukua bakuli jeupe, chota maji, tazama kwenye mwanga. Viluwiluwi wanaoning'inia kichwa chini wakiinamia upande ni wa Kuleksi au Aedesi. Wanaolala sambamba na uso wa maji ni wa Anofelesi. Wote wamwage kwenye udongo mkavu, watakufa. Usiwamwage mtaroni.

Naomba unisikilize vizuri kwenye hili: usitie dawa ya kuua wadudu wa shambani kwenye maji yoyote ya nyumbani, hata tone. Utaua kuku, ng'ombe, au mtoto kabla hujaua mbu. Wala usimwage oili chafu ya gari kwenye dimbwi. Zamani mafuta yalitumika kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Leo oili hiyo itaharibu udongo na kisima chako. Dimbwi lisilofukika, mwulize mtoa huduma ya afya kuhusu dawa ya kibaiolojia. Hapa nchini inatengenezwa Kibaha.

Usafi wa ua hauondoi haja ya chandarua. Anofelesi wa madimbwi anaweza kutoka majaruba ya mpunga nje ya ua wako. Endelea kulala ndani ya chandarua chenye dawa, na mwenye homa apimwe, asibahatishe vidonge vya dukani.

La mwisho ni la jirani. Aedesi haendi mbali, kwa kawaida ni mita chache tu mpaka mia kadhaa kutoka alipozaliwa. Maana yake mbu anayekuuma mchana amezaliwa kwako au kwa jirani yako. Kaya 10 zinazopakana zikikubaliana siku moja ya ukaguzi, zitaona tofauti ndani ya wiki chache. Peleka wazo hili kwenye mkutano wa kitongoji, na mwenyekiti akikuuliza limetoka wapi, mweleze habari za Havana, halafu mweleze habari za Newala.